Uvungu wa Nyumba Kando ya Mto Tana

Mtu ajengaye Garsen huyaogopa kwanza maji yaonekanayo, wala hapana wa kumlaumu. Mto Tana hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, husafiri karibu kilomita 1,000, na ufikapo nchi hii tambarare kingo zake haziutoshi tena. Hufurika ukaenea mashambani kabla ya kuingia baharini karibu na Kipini. Mafuriko ya mwaka 1961 wazee waliyasimulia muda mrefu. Yale ya 1997 yaliendelea hata 1998. Na ya 2018, 2023 na 2024 hata watoto wanayakumbuka. Lakini yako maji mengine yasiyopiga kelele. Hayo hupanda polepole kutoka ardhini baada ya mto kurudi mahali pake, nayo huila nyumba mwaka hata mwaka.

Udongo wa huku ni mfinyanzi mzito. Juu waweza kukauka ukapasuka nyufa za kuingia mkono, na chini ukawa bado umeshika maji. Unyevu huo hupanda katika udongo na katika ukuta kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Ndipo chokaa ibanduke, miguu ya kabati iote kuvu, na mchwa wapate njia laini ya kuzifikia boriti.

Wakulima wa kando ya mto waliijua dawa yake kabla ya saruji kufika: waliinua. Uchaga wa nafaka ulisimamishwa juu ya miti, upepo ukapita chini yake, na panya akapata taabu ya kuupanda. Siku hizi wako wanaoziinua nyumba zenyewe juu ya nguzo fupi, wakatandika sakafu ya mbao. Basi hapo huzaliwa swali jipya: ule uvungu uliobaki kati ya mbao na ardhi, je, uzibwe au uachwe wazi?

Karani mmoja aliyejenga nyumba ya namna hiyo alitaka kuuziba pande zote kwa matofali, asibakize hata tundu. Alikuwa amesoma habari za Marekani. Mjomba wake, mkulima aliyezoea mto tangu utoto, alikuja akazunguka nguzo zile pole pole.

“Mjomba,” alisema karani, “uvungu uliozibwa hukaa mkavu. Wenyewe wamepima.”

“Wamepima kwao, mpwa wangu. Na mto ukija, maji yataingilia wapi, na yatatokea wapi?”

Karani hakuwa na jibu. Hata hivyo hakuwa mjinga, maana aliyoyasoma ni kweli. Katika sehemu za Marekani zenye joto na unyevu mwingi, uvungu wa nyumba hukaa baridi wakati wa kiangazi. Hewa ya nje yenye joto ikiingia humo hugusa mbao zilizo baridi, ikaacha matone ya maji kama yale yaonekanayo nje ya gilasi ya maji baridi. Kwa hiyo wengi huko wameacha desturi ya zamani ya kuweka matundu. Hutandika plastiki juu ya udongo na kuziba pande. Lakini uvungu wa Garsen haupati baridi ya namna hiyo. Tena, katika Marekani hiyo hiyo, kanuni za bima ya mafuriko hutaka nyumba za mabondeni ziwe na matundu chini, ili maji yaingie na kutoka yasije yakausukuma ukuta ukaanguka. Mzee hakuwa amesoma kanuni hizo.

Lililobaki la kufaa katika elimu ile ni plastiki. Udongo wa uvungu husawazishwa, ukainuliwa katikati kidogo ili maji yasituame. Kisha hutandikwa plastiki nene, kipande kimoja kikilalia kingine kwa sentimita 30, na kingo zake zikandamizwe kwa mawe. Hapo unyevu wa ardhi huzuiwa usizifikie mbao, na upepo waendelea kupita. Maji ya paa nayo yaongozwe mbali kwa mfereji. Kazi hii ndogo ndiyo isahauliwayo kuliko zote.

Jambo zito zaidi lilikuwa magunia. Karani alikuwa na nia ya kuweka mahindi katika uvungu uliofungwa, yasiibwe. Mwaka 2004, hasa katika Ukambani, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iliyoota katika mahindi, na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale walioyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba kuliko walioyaweka ghalani. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yataka kuanikwa mpaka unyevu wake usizidi sehemu 13 katika 100, kisha yawekwe juu, penye hewa.

Magunia ya karani yalipelekwa katika uchaga wa mjomba. Uvungu ulitandikwa plastiki na kuzungushiwa wavu, mbuzi na kuku wasiingie. Maji ya mafuriko yakiwahi kupita hapo, plastiki hiyo itabidi ivutwe nje siku ile ile yaondokapo, ioshwe, na udongo uachwe ukauke kabla ya kuitandika tena. Isipofanywa hivyo, itayashika matope na maji juu yake chini ya mbao kwa majuma mengi.