Maji ya Mfereji

Katika waraka kwa Wafilipi, sura ya pili, Mtume Paulo awaonya Wakristo wasiangalie faida yao tu, bali na ya wenzao pia. Neno hili tumelifundisha mara nyingi, tukidhani twalijua. Kiangazi kimoja tulionyeshwa ya kuwa hatujalijua.

Sisi tukaao katika milima hii ya Usambara twajua desturi ya mfereji. Maji hutoka kijito cha juu, hupita shamba kwa shamba, na kila nyumba ina zamu yake. Aliye juu akizidisha zamu, aliye chini hana la kufanya. Shamba letu liko juu. Mwaka ule jua lilikuwa kali, na majani ya mahindi yetu yakaanza kujikunja. Zamu yetu ilikwisha jioni. Lakini usiku tulitoka na jembe, tukayarudisha maji kwetu. Tulijiambia, "Watoto wetu nao watakula nini?" Usiku wa pili tukafanya vivyo hivyo, na wa tatu.

Chini yetu alikaa mjane mmoja. Maharagwe yake yakakauka. Siku ya nne alikuja mlangoni, nasi tukajiweka tayari kushindana naye. Kumbe, mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa. "Mwalimu," alisema, "nimesikia mtoto ana homa. Ng'ombe wangu hatoi mengi, lakini haya yatamfaa." Habari ya maji hakuitaja.

Hatukuweza kumtazama usoni. Tuliungama kwake, kisha mbele ya wazee wa usharika. Na wakati wa mavuno tulimpelekea mahindi. Lakini maharagwe yake hayakufufuka.

Mwaka 1891 Johannsen na Wohlrab walianza kazi ya Injili huko Mlalo. Mwaka 1907 Johannsen alipokwenda Ruanda, Wakristo wa Usambara walifuatana naye, wakaacha nyumba na mashamba kwa ajili ya watu wasiowajua. Sisi hatukuitwa kwenda mbali hivyo. Tuliitwa kuyaacha maji yapite hatua chache tu, tukakataa.

Basi, walimu wenzetu, nanyi wazazi, neno hili tusilifundishe kwa kinywa tu, maana watoto wetu waliliona lile jembe lenye matope asubuhi. Sasa zamu yetu ikiisha, twamtuma mtoto wetu mkubwa ayafungulie maji kabla jua halijatua, kisha ateremke kumwambia, "Bibi, maji yanakuja."