Usingizi wa Kuazima

Hakuna mgonjwa atamaniye usingizi kuliko yule ambaye maradhi yake yamo akilini. Mwenye homa hukesha siku tatu akapona. Huyu huweza kukesha miezi. Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, kutoka Akheri mpaka Nkoaranga, usiku wa Juni na Julai ni mrefu kwa baridi, na nyumba huwa tulivu hata hatua za mtu mmoja anayerandaranda sebuleni husikiwa na wote. Basi si ajabu jamaa zake wakitafuta kitu cha kumlaza. Humtafutia yeye, na yamkini hujitafutia na wao pia.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tengeru, mwanamke aliyevuka miaka sitini, alikuwa akimeza haloperidoli kila jioni kwa miaka mingi. Dawa hiyo ilimrudisha kwa watu baada ya sauti zisizo na wenyewe kumtenga nao. Usingizi ulipompotea, mpwa wake aliye Marekani alimletea chupa ya melatonini. Jirani akamnunulia promethazini katika duka la dawa. Na siku za Jumamosi, baada ya gulio, alipata kata moja ya mbege. Kliniki mjini Arusha muuguzi alimwuliza:

“Shikamoo, mwalimu. Kuna dawa nyingine unazotumia?”

“Marahaba, mwanangu. Dawa yangu ni hiyo moja tu.”

Hakusema uongo. Neno dawa lina ukarimu wa ajabu katika lugha yetu: kisafishacho meno ni dawa, na kiuacho mbu ni dawa, walakini kinywewacho ili mtu alale aghalabu hunyimwa jina hilo. Huitwa usingizi tu, na usingizi hauulizwi hospitalini.

Promethazini si mgeni katika ukoo wa dawa za akili. Klopromazini, iliyofungua mlango wa tiba mpya ya wazimu mwaka 1952 mikononi mwa Jean Delay na Pierre Deniker katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, ilitokana na utafiti wa jamii hiyo hiyo ya dawa za mzio. Anayeitia promethazini juu ya dawa ya akili humwongeza ndugu juu ya ndugu. Uzito wa usingizi hujumlika, kinywa hukauka, shinikizo la damu huweza kushuka mtu anapoinuka, na mzee aamkaye usiku wa manane kwenda msalani huenda akaanguka akavunjika nyonga. Tena haloperidoli huweza kuvuruga mwendo wa umeme wa moyo, na baadhi ya dawa za mzio hufanya vivyo hivyo. Ni kweli madaktari wenyewe huzichanganya dawa hizi mbili ili kumtuliza mgonjwa aliyechafukwa sana. Lakini hapo yupo mtu wa kuangalia pumzi na mapigo yake. Chumbani Tengeru hakuwapo.

Mbege nayo ina habari yake. Wapishi wa pombe hii upande wa Kilimanjaro huitia uchungu kwa gome la msesewe, mti wa kandokando ya mito ya milimani ambao wataalamu huuita Rauvolfia caffra. Nduguye wa Bara Hindi ndiye aliyetoa resepini mwaka 1952, dawa iliyowahi kutumiwa kutuliza wagonjwa wa akili na kuteremsha shinikizo la damu. Kilevi peke yake chatosha kuzidisha usinziaji wa haloperidoli. Na nguvu za gome zibakizo katika kata hakuna mpishi azipimaye.

Melatonini ilikuwa pole kuliko zote. Ni homoni ambayo ubongo wenyewe huitoa gizani, na ikiandamana na dawa hizi, jambo la kuchungwa zaidi ni kuzidi kwa usinziaji. Lakini Marekani huuzwa kama nyongeza ya chakula, si kama dawa. Uchunguzi wa bidhaa 31 uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2017 uliona kiasi kilichomo hakilingani na maandishi ya chupa: nyingine pungufu kwa asilimia 83, nyingine zaidi kwa asilimia 478, na nane zilikuwa na serotonini isiyotajwa.

Hata hivyo jambo kubwa halikuwamo chupani. Kukosa usingizi huweza kuwa mjumbe wa kwanza wa maradhi yanayorudi. Pengine mjumbe hutumwa na dawa yenyewe, maana haloperidoli huweza kuutia mwili wasiwasi, miguu ikataka kutembea usiku kucha, na mtazamaji akadhani ni wazimu. Hali ya kwanza huenda ikataka dawa iongezwe. Ya pili, ipunguzwe. Kumlaza mgonjwa kwa siri huzifanya zote mbili zifanane. Na kuiacha haloperidoli ghafula kwa kuiogopa ni kumkaribisha adui wa kwanza.

Muuguzi yule alikuwa na subira. Aliuliza tena kwa njia nyingine: “Mwalimu, tangu jua kuchwa hata kukicha, unakunywa nini?” Hapo vyote vilitajwa. Daktari alipomchunguza alikuta ni miguu, si sauti. Kipimo cha haloperidoli kilipunguzwa kidogo kidogo, promethazini ikaondolewa, mbege ikakatazwa, na melatonini ikaandikwa katika daftari. Mwalimu aliomba aonyeshwe ukurasa, akasahihisha tahajia.