Safari ya Kwenda Asembo Katika Mwaka wa Korona

Mtu atokaye Nairobi kwenda Kisumu husafiri karibu kilomita 350, na katika mwendo huo huiona Kenya ya namna nyingi kwa siku moja. Huteremka Bonde la Ufa na kuliona Ziwa Naivasha kwa mbali, hupita Nakuru, hupanda tena mpaka kwenye baridi ya Mau, huingia katika mashamba ya chai ya Kericho, yaliyokatwa sawasawa kama nywele za askari. Kisha nchi huteremka, joto humpokea, na mbele yake hutandaa uwanda wa Kano wenye mpunga na miwa. Mwisho wa uwanda huo ndipo lilipo ziwa, na ukingoni mwa ziwa ndipo ulipo mji wa Kisumu.

Kwa jamaa za watu wa Nyanza wakaao Nairobi, safari hii ni jambo la kila mwaka wakati wa likizo ya Agosti. Lakini katika mwaka 2020 haikuwa jambo la kawaida hata kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Tangu tarehe 27 Machi watu wakakatazwa kutembea usiku, na tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, asiingie mtu wala asitoke pasipo ruhusa. Lango hilo halikufunguliwa mpaka alfajiri ya tarehe 7 Julai.

Miongoni mwa waliongojea kufunguliwa ilikuwako jamaa moja ya watu watano. Baba ni karani katika ofisi ya mjini. Mama ni mwalimu. Watoto ni watatu, mkubwa akiwa binti wa miaka kumi na mitano, na kitinda mimba kijana wa miaka sita. Nyumbani kwao ni Asembo, katika wilaya ya Siaya kama ilivyoitwa zamani, si mbali na maji ya ziwa.

Jamaa hii ilikuwa na deni. Mwezi wa Mei, mzee wao, baba yake yule karani, alifariki dunia kwa uzee na maradhi ya moyo. Kibali cha kwenda mazikoni kiliweza kuombwa kwa polisi. Lakini juma lile lile mtu mmoja wa ofisini alionekana kuwa na Korona, na wote waliofanya kazi karibu naye wakaagizwa kukaa ndani siku 14. Kwa hiyo mzee alizikwa upesi, mbele ya watu 15 tu kama amri ilivyotaka, na mwanawe wa kwanza hakuwamo. Yeyote ajuaye matanga ya Waluo, ambayo huweza kukusanya mamia ya watu na kuendelea kwa siku nyingi, atafahamu uzito wa jambo hili.

NJIANI

Waliondoka mwanzo wa Agosti, saa kumi na moja ya alfajiri, kwa sababu mpaka saa kumi hakuna aliyeruhusiwa kuwa barabarani. Matatu yenye viti 14 ilichukua abiria wanane tu, na nauli ilikuwa imepanda kwa kadiri hiyo. Kabla ya kuingia, kila mmoja alinawa mikono kwa sabuni, akapimwa joto la mwili kwa kipimo kilichoelekezwa kwenye paji la uso, akavaa barakoa. Yule mdogo aliuliza kwa nini kila mtu amefunga mdomo kama ng'ombe wa kulimia azuiwaye asile mahindi. Abiria wote wakacheka, na tangu hapo safari ikawa nyepesi.

Walipofika uwanda wa Kano waliona mambo ya kusikitisha. Mvua za masika zilikuwa zimezidi kipimo, mto Nyando ukapasua kingo zake, na watu wengi wa Nyando na Nyakach wakahama makwao. Wengine walipata hifadhi katika madarasa ya shule, yaliyokuwa matupu kwa sababu ya Korona. Hapo ndipo msafiri alipofahamu kwamba si amri zote ziwezazo kutimizwa na kila mtu. Mwenye kulala na watu ishirini katika chumba kimoja atakaaje mita moja na nusu mbali na mwenzake?

MJI WA KISUMU NA ZIWA LAKE

Walifika Kisumu adhuhuri. Mji huu ulizaliwa na reli. Tarehe 20 Desemba 1901 njia ya reli itokayo Mombasa ilifika hapa, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, na kutoka hapa mizigo na watu walivuka ziwa kwa meli kwenda Uganda. Miaka mia baadaye, mwaka 2001, Kisumu ulitangazwa kuwa jiji.

Lakini njia iletayo mali huleta na mengine. Mwaka 1918 mafua makali yaliyoizunguka dunia yaliingia Mombasa kwa meli, yakapanda bara kwa reli, yakaua maelfu ya watu katika nchi hizi. Hata kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ile, ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi mno kando ya ziwa hili, hasa upande wa Uganda, hata visiwa na fuo kadha wa kadha zikaachwa tupu. Kwa hiyo pwani hii si ngeni kwa maradhi, na wazee wake si wageni kwa hekima ya kuyakimbia.

Wakiwa na saa mbili za kungojea gari la kwenda Asembo, walipanda tuktuk mpaka Dunga, ufuo wa wavuvi ulio nje kidogo ya mji, ili mama apate kununua samaki. Dunga ni mahali pazuri penye mafunjo marefu, na ndege waishio humo huwavutia wageni wa mbali. Mwaka ule ulikuwa umebadilika sura. Ziwa lilikuwa limepanda juu ya ardhi. Miti ilisimama ndani ya maji, na mahali palipokuwa na meza za wauza samaki palielea gugu maji. Katika mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Jinja, mahali Nile unapotoka ziwani, kilifika mita 13.42, kikapita kidogo alama ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Huko Uganda kisiwa cha mafunjo kilichong'oka na kuelea kiliziba mitambo ya umeme katika mwezi wa Aprili, na nchi ikakaa gizani kwa saa kadhaa.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga ngege alieleza hali ya biashara kwa maneno machache. "Wenye mahoteli hawanunui, kwa kuwa jioni wanafunga. Mbuta waliokuwa wakienda Ulaya kwa ndege hawaendi kama zamani. Basi samaki anabaki hapa anatutazama, na sisi tunamtazama." Alisema hivyo akicheka, lakini sufuria yake ilikuwa ndogo.

Kutoka Kisumu barabara ya Bondo huelekea magharibi. Baada ya kama kilomita 30, katika nchi ya Seme, huonekana mawe makubwa yaliyosimama juu ya mengine kama mnara, nayo huitwa Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Watu wa dini mbalimbali huenda hapo kusali. Siku ile palikuwa kimya.

SIKU 14 UPANDE WA LANGO

Walifika Asembo jua likitua. Kwa desturi ya Waluo, nyumba ya mwana hujengwa upande wa lango la boma, na nyumba ya mama hutazama lango kutoka juu. Bibi, ambaye watoto humwita Dani, alikuwa amesimama mlangoni pake. Mkono wake wa kulia ulianza kuinuka kwa salamu, kisha ukashuka. Wajukuu nao walisimama katikati ya uwanja. Hakuna aliyejua la kufanya, mpaka yule mdogo alipoinama na kupunga mikono yote miwili kama aliyeona meli. Dani akafanya vivyo hivyo.

Baba alikuwa amekwisha kusema kwa simu kwamba hawatamkaribia mama yake kabla ya siku 14 kupita. Watapika kwao, watachota maji kwa ndoo yao, nao watazungumza naye kutoka chini ya mwembe. Jambo hili lilimchukiza sana baba mkubwa, kaka yake marehemu. Alikuja asubuhi iliyofuata na fimbo yake, akasimama mbele ya kaburi.

"Mwanangu," alisema, "hukumzika baba yako. Sasa umekuja, nawe unakaa langoni kama mpita njia. Watu wataseme nini?"

"Baba," alijibu karani, "nilikaa mbali na kaburi ili nisiwaletee kaburi jingine. Nakaa mbali na mama kwa sababu hiyo hiyo."

Mzee hakuridhika. Ndipo Dani aliposema kutoka mlangoni pake, bila kuinua sauti: "Shemeji, ukinunua ng'ombe mnadani, unamtia zizini pamoja na wako siku ile ile?"

Mzee akanyamaza. Hakuna mfugaji asiyejua jibu la swali hilo. Ng'ombe mgeni hufungwa peke yake mpaka ajulikane kuwa mzima, wala hakuna asemaye kwamba ametukanwa. Baada ya kitambo mzee alisema, "Basi mlie baba yako. Mimi nitasimama hapa." Karani akalia mbele ya kaburi, na baba yake mkubwa akasimama hatua nne nyuma yake, hata alipomaliza.

Siku 14 hizo hazikuwa za uvivu. Asubuhi binti mkubwa aliweka redio chini ya mti, na watoto wakasikiliza masomo yaliyotangazwa na KBC kwa ajili ya wanafunzi waliokaa nyumbani. Mchana wa kati alijifunza kuchunga mbuzi, jambo ambalo halikuwamo katika masomo ya redio. Jumapili Dani hakwenda kanisani, kwa maana makanisa yalipofunguliwa tena mwezi wa Julai, wazee waliopita miaka 58 na watoto wasiotimiza 13 walitakiwa kubaki nyumbani. Basi ibada ilifanywa uwanjani, bibi juu na jamaa chini, na nyimbo zikakutana katikati.

Jioni Dani aliwasimulia habari za mvua ya miaka ya Uhuru, alipokuwa msichana, ziwa lilipopanda na kumeza mashamba ya watu. "Walisema halitarudi," alisema. "Lilirudi polepole. Waliokuwa na haraka walijenga tena karibu na maji, na waliokuwa na subira walijenga juu ya kilima." Siku ya kumi na tano asubuhi alishuka mwenyewe kutoka nyumbani kwake, akiwa na kikombe cha uji kwa kila mjukuu.

KUVUKA KWENDA RUSINGA

Kabla ya kurudi, jamaa ilivuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno mpaka Mbita, na kutoka hapo ikaingia kisiwa cha Rusinga, alikozaliwa mama. Kisiwa hiki kina sifa mbili kubwa. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapa fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya nyani, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 17 iliyopita. Tena hapa ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Msimu wa omena, ambao kwa kanuni za uvuvi hufungwa tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, ulikuwa umefunguliwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na kutoka ufukoni taa hizo zilionekana kama mji mwingine uliojengwa majini. Asubuhi samaki hao wadogo walitandazwa juani juu ya nyavu, wakametameta.

Kwa mama mkwe wake, karani alikaa mbali kwa heshima, akala peke yake, wala hakumpa mkono. Huyu hakuhitaji tangazo la Serikali. Mila ya Waluo ilimfundisha mkwe kukaa mbali muda mrefu kabla ya Korona.

MWISHO WA MAMBO

Maradhi hayakwisha mwaka ule. Mwezi wa Mei 2021 namna mpya ya Korona, iliyoitwa Delta, ilionekana Kisumu, na tangu tarehe 18 Juni wilaya 13 za pande za ziwa na magharibi, ambazo sasa ni kaunti, ziliamriwa kufunga shughuli saa moja ya jioni. Siaya ilikuwamo. Lakini wakati huo chanjo ilikuwa imekwisha kufika nchini, na wazee walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Dani alipelekwa kwa boda boda, akachanjwa, akarudi kupalilia mtama wake. Tarehe 20 Oktoba 2021 marufuku ya kutembea usiku iliondolewa katika nchi nzima.

Mwezi wa Desemba mwaka huo treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu, iliyokosekana kwa miaka mingi, ilianza tena juu ya njia ile ile iliyofika ziwani miaka 120 kabla. Jamaa ile iliipanda jioni, ikalala njiani, ikaamka ikiuona uwanda wa Kano.

Huko Asembo baba mkubwa alikuwa wa kwanza kuja langoni. Alimpa karani mkono, akaushika kwa muda mrefu kama wafanyavyo watu wa huko, wala hakusema neno. Nyuma yake Dani alikuwa akishuka polepole, mikono yote miwili mbele.