Wageni wa Mida

Upepo wa kusi unapoanza kulegea, baina ya Agosti na Septemba, pwani yetu hupokea wageni wasio na mizigo wala hati za safari. Ni ndege wala kaa, watokao kuzaa katika fukwe na visiwa vya Omani, Ghuba na Bahari ya Shamu. Majahazi ya huko yalikuwa yakingoja kaskazi ndipo yaje kwetu. Ndege hawa hawaingoji.

Atakaye kuwalaki na aende Mida, karibu na Gede na Watamu, ambako mkono wa bahari umeingia bara na kuzungukwa na mikoko. Lipo daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko hiyo. Aende maji yanapojaa, kwani ndipo ndege wanaposogezwa karibu na ukingo.

Tulipofika na jamaa zetu tuliwakuta wamesimama safu: weupe, migongo myeusi, midomo minene ya kupasulia kaa. Kati yao alikuwako kijana wa manyoya ya kijivu, kimo chake karibu sawa na cha mzazi, akimfuata nyuma na kulia mpaka akapewa kaa.

Ndege huyu hutaga yai moja tu, ndani ya shimo mchangani, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kinda akishaweza kuruka huvuka bahari pamoja na wazazi, nao huendelea kumlisha huku ugenini. Kuota mbawa si kujua kujilisha. Sisi tulio na vijana waliomaliza shule juzi, na tulitafakari hilo kabla ya kuwaambia wajitegemee.

Lakini mzazi atalisha nini pasipo kaa? Kaa hutegemea tope na mikoko, na mikoko ikimalizwa kwa boriti na kuni, yule mtoto wa pekee atakuwa amesafiri kuja kulala njaa.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ada itolewayo na watazamaji wa ndege hapo Mida imesaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani.

Basi, enyi akina mama na akina baba, wapelekeni watoto wakawaone wageni hawa kabla hawajarejea kwao mwezi wa Aprili. Wafunzeni kutowarushia mawe. Na atakayejenga, aulize kwanza boriti zake zimekatwa wapi.