Kikapu cha Simba

Msomaji mpenzi, kama umewahi kupita katika vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa, bila shaka umeona paka: juu ya baraza, chini ya meza ya muuza samaki, hata juu ya boneti ya gari la mwenyewe. Mbwa hukumwona, ila labda uwe ulipita nyuma ya Ndia Kuu, karibu na ghala moja la viungo, ukamkuta mmoja wa rangi ya udongo amelala mlangoni, akafungua jicho moja tu kukutazama. Huyo ndiye Simba wetu. Jina alipewa na watoto. Kwa kweli akikutana na paka wa mtaa huu, anayepisha njia ni yeye.

Bwana yangu ni mtunza ghala, nasi twakaa vyumba viwili nyuma yake, penye ua mdogo. Kwetu ni Taita. Desemba 2011, tulipokuwa tukirudi kutoka likizo ya Krismasi, baba mkwe alitupa mtoto wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni, akasema ghala halilindwi kwa kufuli peke yake. Mwaka huo huo ndipo UNESCO ilipoiweka Fort Jesus katika orodha ya urithi wa dunia, na bwana yangu hupenda kuwaambia wageni kwamba Mji wa Kale ulipata heshima mbili kwa mwaka mmoja.

Mimi sikucheka. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na moja katika hizo huwa kwa mchanga. Nilijua tutafukuzwa. Aliyenitoa wasiwasi ni mama mmoja mtu mzima anayekaa ghorofani, dirisha lake likitazama uani kwetu.

"Mwanangu," aliniambia, "mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake, kama wa kuwinda na wa kuchunga mifugo. Ila mshike nipite, asinigusie buibui langu."

Tukaishi hivyo zaidi ya miaka kumi. Asubuhi mama akishuka kununua mahamri na mbaazi, nami namshika Simba shingoni mpaka apite. Hakuwahi kumgusa, wala Simba hakuwahi kumbwekea.

Kila Desemba tulikwenda naye Taita. Mwaka wa kwanza nilimbeba kapuni hadi Mwembe Tayari, na kondakta wa matatu akadai nauli nzima ya mtu mzima kwa kiumbe kisichofika kilo tatu. Nikalipa. Tulipofika Mariakani Simba akatapika juu ya mguu wa huyo huyo kondakta, nami nikaona pesa zangu zimerudi. Tangu hapo tukawa twasafiri kwa pikapu ya shemeji yangu, mbwa nyuma pamoja na magunia na watoto wakubwa. Alikuwa akiijua safari kuliko sisi. Tukivuka tu Makupa, kisiwa kikibaki nyuma, alisimama akainua pua. Nyika ya Taru aliilalia, maana pale hakuna cha kunusa ila vumbi. Voi alishuka kukojoa. Na gari lilipoanza kukunja kona za Mwatate kupandia Wundanyi, ilibidi ashikwe asiruke, kwa jinsi alivyopagawa na harufu ya nyumbani.

(Hapa nikukumbushe jambo, wewe unayefuga mbwa na unajitayarisha kwa safari: chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka, na cheti chake kiweke pamoja na vitambulisho vyenu. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya ugonjwa huo, na mara nyingi siku hizo mbwa huchanjwa bure. Askari wa njiani aliwahi kutuuliza karatasi ya mbwa kabla ya kuuliza leseni ya dereva.)

Uzee ulimjia polepole, kama unavyomjia mtu. Zamani jioni tulitembea naye hadi Mama Ngina Drive, chini ya ile mibuyu, watoto wakila mihogo ya kukaanga na yeye akibwekea meli. Baadaye akawa anafika Makadara tu na kugeuza. Sasa mwisho wake ni kivuli cha ukuta wa Fort Jesus. Hapo hukaa kitako, na hata umvute vipi haondoki mpaka apumzike. Daktari wa mifugo alituambia ana baridi yabisi ya nyonga na magoti, na macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Akatuonya sana tusimpe dawa zetu za kutuliza maumivu, kwani kuna zinazomharibu mbwa tumbo na figo. Apate godoro, alisema, na asinenepe.

Desemba 2023 tukampeleka Taita kama kawaida, naye miaka 12. Wenye kuijua milima ile, juu yao ukisimama mlima Vuria wa mita 2,208, wanajua ukungu wa mwezi huo. Asubuhi ya pili Simba hakuweza kusimama. Miguu ya nyuma ilikuwa imekufa ganzi. Alijikokota kwa ya mbele mpaka jikoni kwa mama mkwe, akalala kando ya moto siku nane. Baba mkwe, yule yule aliyetupa katoni, alimtazama akasema kwa upole kwamba mbwa amemaliza kazi yake. Hakuwa mkatili. Huko kwetu mbwa mzee hapelekwi kwa daktari. Bwana yangu alinyamaza, nami nikamwona amekubali. Usiku tukagombana kwa sauti ya chini, kwa sababu ya watoto. Mimi nilisema amelinda mchele wetu. Yeye akaniuliza kama huu ndio uzima, kusota kwenye majivu. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tulirudi naye Mombasa amefungwa blanketi, na joto la kisiwa likamwinua tena.

Basi Desemba 2024 tukaamua abaki. Tulimpata kijana mmoja anayebeba mizigo hapo bandari ya zamani, tukampa pesa ya siku kumi, unga, na dagaa. Nilipofunga mlango Simba hakuinuka. Alidhani natoka kwenda sokoni.

Msomaji, sikuifurahia Krismasi ile. Kila nikikaa kula namwona.

Tuliporudi Januari, ua ulikuwa umefagiwa. Simba yuko kwenye godoro lake, tumbo limejaa. Unga ulikuwa vile vile, dagaa vile vile. Nikauliza, "Kijana yuko wapi?" Dirisha la juu likafunguka.

"Kijana wenu alishika njia siku ya pili," mama akasema. "Nikamsikia mbwa yuwalia usiku kama mtu. Nikasema, huyu hana mtu."

Alikuwa amechukua kikapu chake, kile ambacho kina mama wa hapa huwateremshia wachuuzi kutoka dirishani wakanunua mboga bila kushuka ngazi. Akakifunga kamba ndefu zaidi, ndani akaweka sahani ya bati yenye mkate uliorowekwa kwenye mchuzi wa samaki, akakishusha hadi puani kwa Simba. Maji akamshushia vivyo hivyo. Mjukuu wake ndiye aliyefagia. Siku nane.

Nilitaka kumlipa, akakasirika. Kama walivyotufundisha, alisema, yuko mtu aliyeghufiriwa madhambi kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu; sasa mimi nataka kumnunulia thawabu zake kwa shilingi? Nikabaki na mfuko wa viazi vya Taita mkononi. Hivyo alivichukua, kwa kuwa ni zawadi ya safari.

"Ila kikapu hiki," akaongeza, "sikirudishi ndani kwangu. Kimesharambwa. Ni chake."

Kikatundikwa msumarini nje ya dirisha, na tangu siku hiyo kila baada ya alasiri kinashuka. Simba hasikii tena, wala haoni kamba, lakini saa hiyo ikikaribia hujikokota mpaka chini ya dirisha na kungoja, na paka wote wa uchochoroni wanamzunguka wakitumaini atasaza. Hasazi.

Sasa Desemba inakuja tena, naye anakaribia miaka 14. Na mama wa ghorofani ameniambia mwaka huu yeye pia anasafiri. Binti yake wa Malindi amejifungua. Nimemwambia bwana yangu aende Taita na watoto, mimi nitabaki. Mama mkwe alipiga simu kuuliza kama ni kweli naikosa Krismasi kwa ajili ya mbwa. Nikamjibu ni kweli. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama lile blanketi la mwaka juzi bado analo.

Jana mama aliniletea kikapu mlangoni, amekishika kwa ncha ya kamba, mbali na nguo zake, akanipa maagizo yake kabisa: mkate urowekwe kwenye mchuzi usio na pilipili, miiba itolewe, na ateremshiwe kabla ya magharibi, maana giza likiingia haioni sahani.

"Nimteremshie?" nikamwuliza. "Mama, mimi nakaa chini."

"Panda kwangu," akasema. "Ufunguo huu hapa."