Midolwea ijibu nini, na isijibu nini?

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoandika programu za wavuti hulipita mbio mbio: midolwea inaruhusiwa kurudisha nini? Najua swali lenyewe linasikika kama la watu wasio na kazi. Lakini huku kwetu Taita Taveta nimeona likigusa mifuko ya watu, kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Kwa wale wageni wa mambo haya: simu au kivinjari kinapotuma ombi kwa seva, ombi haliendi moja kwa moja kwenye kodi inayofanya kazi yenyewe. Hupitia vituo kwanza. Kimoja kinaangalia kama umeingia kwa nywila, kingine kinaandika kumbukumbu, kingine kinakagua usalama. Vituo hivyo ndivyo midolwea. Kila kimoja kinaweza kupitisha ombi mbele, au kikajibu chenyewe na safari ikaishia hapo.

Mfano hauko mbali. Nenda geti la Voi, pale pa kuingilia mbuga ya Tsavo Mashariki. Askari wa pale ana majibu machache tu: pita, rudi, au kalipe kwanza. Hawezi kukutolea ndovu wa plastiki, akakupigia picha naye, kisha akwambie umeshaiona Tsavo. Kazi yake si kuonyesha ndovu. Sasa midolwea nyingi, wadau, zinatoa ndovu wa plastiki kila siku.

Niwape kisa. Kuna kikundi cha wafugaji milimani kiliniita niangalie mfumo wao, ulioandikwa na mtu mwingine kabla yangu. Asubuhi karani anapima maziwa, anaandika kilo kwenye simu, na simu inatuma kwa seva ikipata mtandao. Mnaijua milima yetu: ukikata kona moja mtandao upo, ya pili umepotea. Mwisho wa mwezi hesabu hazikukubaliana. Kadi za wafugaji zinasema hivi, tarakilishi inasema vile. Mama mmoja alikuwa amekosa siku tisa nzima. Wengine walianza kumtazama karani kwa jicho baya. Mama yule akaniambia, "Mwanangu, ng'ombe wangu hajui mambo ya mtandao. Maziwa nilileta."

Nikafungua kumbukumbu za seva. Kila siku iliyopotea ilikuwa na alama ile ile: mistari miwili imefuatana. Wa kwanza, ombi la POST la kuleta kilo, limejibiwa 302. Wa pili, ombi la GET la ukurasa wa kuingia, limejibiwa 200. Basi!

Mnaona kilichotokea? Tokeni ya karani ilikuwa imeisha muda. Midolwea ya ulinzi, badala ya kusema "sikujui, rudi", ikasema "nenda ukurasa wa kuingia". Hilo lingekuwa sawa kwa mtu aliyekaa mbele ya kivinjari. Simu ya karani nayo ikafuata mwelekeo kwa utiifu, ikapewa ukurasa mzuri wa HTML wenye nafasi ya nywila, na juu yake kodi 200, maana yake "sawa, kazi imefanyika". Programu ya simu ikasoma 200, ikaandika "imetumwa", ikafuta rekodi. Hakuna kosa lililotangazwa popote. Kila kipande kilifanya kilichoambiwa, na maziwa ya watu yakayeyuka.

Tulizirudisha siku zile kwa kutumia kadi na daftari la karani, jambo lililomsafisha jina. Karatasi ikaiokoa tarakilishi.

Sasa, waandishi wa viunzi vya wavuti wamelijua tatizo hili zamani, na kila mmoja amejaribu kuifunga midolwea kamba kwa njia yake. Kwenye Django za zamani, kabla ya toleo 1.10 la mwaka 2016, kituo cha kupokea ombi kilikuwa na ruhusa mbili tu: rudisha None, maana yake endelea, au rudisha jibu kamili. Kwa upande wa Ruby, Rack inadai vitu vitatu: kodi ya hali, vichwa vya jibu na mwili wa jibu, na kuna mkaguzi anayeitwa Rack::Lint anayelalamika ukienda kinyume. Ulimwengu wa PHP ulikubaliana mwaka 2018, kwenye kanuni ya PSR-15, kwamba midolwea lazima irudishe jibu la aina moja inayojulikana.

Lakini angalieni: kanuni zote hizo zinalinda umbo la jibu, hazilindi ukweli wake. Ile 302 ya milimani ingepita ukaguzi wote huo bila shida.

Waliothubutu kwenda mbali zaidi ni watu wa Next.js. Walileta midolwea Oktoba 2021 katika toleo la 12, na wakati huo iliweza kujibu chochote. Juni 2022, kwenye toleo 12.2, wakakaza: midolwea haitaruhusiwa tena kutoa mwili wa jibu. Ipitishe, ielekeze kwingine, au ibadilishe vichwa, basi. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kuwazuia watu kujenga midolwea zisizo salama. Askari abaki askari.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilipiga makofi. Kisha nikajiuliza: kama askari haruhusiwi kusema "hapana, kwa sababu hii", atafanya nini? Atakuelekeza ukurasa mwingine. Wenyewe waliwashauri watu hivyo: wapeleke ombi kwenye ukurasa wa kuingia, au kwenye API iliyoandikwa kwa kazi hiyo. Wangapi kati yetu wangechagua njia ya pili, ilhali ya kwanza ni mstari mmoja tu? Yaani katazo lililokusudiwa kutulinda lilifungua njia nyepesi kuelekea kosa lile lile lililokula maziwa. Desemba 2022, toleo 13.1, wakalegeza, midolwea ikaweza tena kujibu yenyewe.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Usiikataze midolwea kusema. Ikataze kusema uongo. Mfano mzuri tunao hapa nyumbani: M-Pesa. Mteja akilipa kwa nambari ya malipo, na kama umeomba huduma ya uhakiki, mfumo wa Safaricom unaiuliza kwanza seva yako. Majibu ni mawili: nakubali, au nakataa pamoja na kodi ya sababu. Na seva yako ikinyamaza? Hilo pia mlikubaliana mapema siku ya kusajili: malipo yakamilike au yafutwe. Hata ukimya una maana moja.

Kwa kile kikundi nilifanya mambo matatu. Kwanza, kwa njia zote za simu midolwea inaweza kupitisha, au kukataa kwa 401 au 403 pamoja na JSON fupi yenye sababu. Kuelekeza kwingine ni marufuku, na jaribio linalopita kila njia huzuia toleo jipya lisitoke likikuta 302 au HTML. Pili, simu haifuti rekodi mpaka seva iirudishie nambari ya risiti ya rekodi hiyo hiyo. Tatu, kodi inayopokea kilo inakagua ruhusa tena yenyewe.

Hilo la tatu msilidharau. Machi 2025 ilitangazwa kasoro ya Next.js iliyopewa nambari CVE-2025-29927: mtu wa nje aliweza kuongeza kichwa fulani cha ndani kwenye ombi lake, na seva ikairuka midolwea yote. Waliokuwa wametegemea geti peke yake walibaki uchi. Ilizibwa katika matoleo kama 14.2.25 na 15.2.3. Mbugani pia ulinzi hauishii getini. Kuna askari wa doria ndani.

Ukiwa na mfumo unaopokea kitu kutoka kwa simu za watu, iwe maziwa, ada au dawa za zahanati, fungua kumbukumbu za seva leo. Tafuta POST iliyojibiwa 302, ikifuatwa na GET ya ukurasa wa kuingia iliyojibiwa 200. Ukiipata, hesabu ni ngapi, kisha nenda ukawatafute wenyewe. Inawezekana wanadhani wameshaandikwa.

Alamsiki.