Tundu Chini ya Kiraka



Wapendwa vijana wa parokia zetu,

Katika mikutano yenu mmetuuliza mara nyingi swali hili: mtu atajuaje kwamba majuto yake ni ya kweli? Tumezoea kulijibu kwa maneno ya katekisimu, nayo ni maneno mema, ambayo tumewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwa miaka mingi. Safari hii tutalijibu kwa habari ya mashua moja kuukuu iliyotengenezwa uani mwetu, hapa Kalemie. Mashua hiyo ilitufundisha somo ambalo chuo cha ualimu hakikutufundisha, na ambalo sisi wenyewe tulikuwa tukiwafundisha wengine bila kulijua vema.

Mashua hiyo ni ya alumini, urefu wake mita 4 na nusu. Marehemu baba yetu aliinunua kwa fundi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Siku zile, kwenye ufuko wetu wa Tanganyika, wavuvi walikuwa na mitumbwi na mashua za mbao, na watu walikuja kuigonga ile ya baba kwa vidole ili waisikie ikilia kama sufuria. Ilikuwa nyepesi, haikuozwa na maji kama mbao, wala haikushikwa na kutu nyekundu kama chuma. Kwa mashua hiyo baba alivua ndagala na mikebuka, akatulipia karo, sisi na mdogo wetu. Alipokaribia kufa alituachia sote wawili, akasema kwamba mashua haigawanyiki vipande.

Miaka michache baada ya mazishi yake, wakati wa kiangazi, upepo wa kusi ulipokuwa mkali, mdogo wetu alitoka nayo usiku kuvua. Alirudi alfajiri akiwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini. Wavu ulikuwa umepotea, taa ya kuvulia imepotea, na kijana aliyefuatana naye alikuwa amekumbatia dumu tupu, akitetemeka. Tulitazama mashua, tukaona ubavu wake mmoja umebonyea. Mara tukatoa hukumu: amelala, amegonga mawe. Yeye alisema, "Yaya, sikugonga jiwe. Maji yalitoka chini." Hatukumsadiki. Mbele ya wazee wa ukoo tulimwita mwongo aliyeharibu mali ya baba, tukadai alipe wavu na taa. Aliuza mbuzi wake, akalipa. Kisha akachukua mke wake na watoto wake, akahamia ng'ambo ya Lukuga.

Lukuga, kama mnavyojua, ndio mto pekee unaoyatoa maji ya ziwa letu na kuyapeleka Lualaba. Kwa miaka 12 ulitutenga sisi na mdogo wetu. Hakuja kwenye arusi ya binti yetu. Sisi hatukwenda alipozaliwa mtoto wake wa mwisho. Na katika miaka hiyo yote, kila Kwaresima, tulisimama mbele ya watoto kuwafundisha namna ya kutafuta dhambi zao moyoni kabla ya kuungama.

Mashua ililala chini ya mwembe. Majani yaliijaza, mvua iliinyeshea, kuku walitagia ndani yake. Ikawa kijana wetu alipomaliza shule na kukosa kazi, akatuuliza kwa nini mashua ya babu inalala hali yeye anakaa bure. Hatukuwa na jibu. Siku iliyofuata akaja na mkebe wa rangi ya buluu. Nasi, tuseme kweli, tuliipenda rangi ile. Tulianza hata kuwaza jina tutakaloandika ubavuni.

Ilikuwa siku za mwezi mkali. Mnafahamu kwamba wanaovua kwa taa hupumzika siku hizo, kwa maana mwanga wa mwezi huishinda taa nao samaki hutawanyika. Mzee mmoja jirani, mvuvi tangu utoto, alikuwa ameketi akishona wavu wake. Alipouona mkebe akainuka, akatuambia: "Msipake rangi kitu msichokijua. Kwanza mwinyweshe maji."

Tukafanya alivyosema. Tuliinua mashua juu ya vigogo, tukaitegemeza vema chini kwa mbao. Tuliosha ndani, tukaondoa viti. Sponji iliyokuwa chini ya viti, ambayo kazi yake ni kuifanya mashua ielee hata ikijaa maji, ilikuwa imekunywa maji kwa miaka hata ikawa nzito kama udongo. Ubao wa nyuma unaoshika mota ulimomonyoka mikononi kama mkate uliolowa. Kisha tukamimina maji ndani, ndoo baada ya ndoo, mpaka yakafika kwenye kifundo cha mguu. Mzee alitukataza kuzidisha: lita 1 ya maji ni kilo 1, na mashua iliyo nchi kavu, isiyobebwa na ziwa pande zote, yaweza kupindika kwa uzito huo.

Mwalimu hakosi chaki mfukoni. Tukaingia chini ya mashua tukiwa chali, na kila mahali tone lilipotokea tukaweka alama. Tulihesabu alama 23. Nyingi zilikuwa riveti zilizolegea, zile misumari mifupi iliyopondwa kichwa pande zote mbili ili kushikanisha mabamba. Pale ubavuni palipobonyea, mahali tulipopanyoshea kidole mbele ya wazee, hapakutoka hata tone. Lakini karibu na mkuku maji yalibubujika kutoka chini ya kiraka cha zamani kilichopakwa lami.

Tulibandua lami. Ndani yake palikuwa na bamba la chuma lililokazwa kwa bolti za chuma, lote kutu. Tulipoling'oa, alumini iliyokuwa chini ilianguka kama unga mweupe, na pakabaki tundu la kupitisha vidole vitatu. Hapakuwa na alama yoyote ya jiwe. Mzee akasema kwamba chuma na alumini havikai pamoja majini; kimoja humla mwenzake. Jambo hilo tulilijua. Tulikuwa tumelifundisha darasani kwa betri ya tochi: metali mbili tofauti zikigusana penye maji yenye chumvichumvi, ile iliyo dhaifu huliwa polepole. Tulilijua ubaoni, hatukulijua uani.

Kijana wetu akauliza, "Baba, nani aliweka kiraka hiki?"

Tulinyamaza kwa muda. Kisha tukajibu kwamba ni sisi. Tulikuwa tumekiweka kwa mikono yetu miaka miwili kabla ya usiku ule wa upepo, kwa haraka, kwa sababu chuma kilipatikana kwa bei ndogo na lami ilificha kila kitu. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuziba, lakini kwa kitu kilichoula. Na maji yalipotoka, tulimtwika mwingine kosa letu.

Wapendwa, jaribu kubwa lilikuja baada ya hapo. Waliojua habari ile walikuwa watu watatu tu: sisi, kijana wetu na yule mzee. Tungaliweza kutengeneza mashua, kuipaka buluu na kumwita paroko aibariki. Usiku ule hatukupata usingizi. Tuliwaza juu ya agizo la Bwana katika Injili ya Matayo, kwamba mwenye kuleta sadaka akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza altareni na kwenda kupatana naye. Tulikuwa tumelieleza agizo hilo mara nyingi, na daima tulijiona kuwa ndio tuliokosewa.

Kulipokucha tulivuka Lukuga. Mnaona kwamba katika ukurasa huu tunasema "sisi", kama ilivyo desturi. Lakini mlangoni pa mdogo wetu neno hilo halikufaa. "Tumekosa" ni neno lenye nafasi ya kujificha. Mtu husimama nyuma ya wengine. Sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa haisemi hivyo. Humfanya kila mmoja aseme kwa nafsi yake. Basi tulisema kama inavyosemwa kanisani: nimekosa mimi.

Hakutukumbatia. Alikaa kimya, akasema: "Yaya, kwa miaka 12 nimejiuliza kama kweli nililala nikagonga jiwe. Wewe ni mwalimu, nikadhani labda wewe ndiwe unayejua." Tulikuwa tumedhani tumemnyang'anya mbuzi na jina jema tu. Kumbe tulikuwa tumemnyang'anya hata uhakika wa macho yake mwenyewe. Hakusema ametusamehe. Alisema atakuja kulitazama tundu.

Alikuja siku ya tatu. Alijilaza chini ya mashua, akatia vidole katika tundu, akakaa hivyo muda mrefu. Alipotoka hakuuliza lolote ila, "Nyundo iko wapi?"

Kazi ya riveti haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa chini akiegemeza kipande kizito cha chuma juu ya kichwa cha riveti. Mwingine hukaa ndani na kuponda upande wa pili. Kati yao kuna bamba, hawaonani. Wa chini asipoegemeza imara, riveti hupinda. Wa juu akipiga kabla ya kuambiwa, humwumiza mwenzake. Tulikata alumini yote iliyoliwa mpaka tukafika penye metali nzima, tukaziviringa pembe ili ufa usianzie hapo, tukaweka bamba jipya la alumini na mastiki katikati, kisha riveti za alumini, chuma hatukukirudisha. Kwa alasiri nne maneno kati yetu yalikuwa mawili tu. Yeye chini: "Tayari." Sisi juu: "Napiga." Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yalibaki malipizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, yafundisha kwamba aliyekosa dhidi ya haki na ukweli anawajibika kurekebisha madhara, hata kama amekwisha kusamehewa. Tuliuza baiskeli yetu, tukamrudishia gharama ya wavu na taa. Hilo lilikuwa rahisi. Gumu lilikuwa kuwaita tena wazee wa ukoo, wale waliobaki hai, na kusema mbele yao, na mbele ya watoto wa mdogo wetu, kwamba baba yao hakuwa mwongo. Tusi lililotamkwa hadharani haliponywi kwa kunong'ona.

Tulipoinywesha mashua maji mara ya pili, tuliingia chini na chaki, tukatoka bila kuweka alama. Hapo ndipo tulipofungua mkebe wa rangi. Mdogo wetu aliomba kiraka kipya kisipakwe rangi upande wa ndani, ili kiweze kukaguliwa kila mwezi. Leo kijana wetu na mtoto mkubwa wa mdogo wetu huvua nayo pamoja usiku usio na mwezi.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yamepona. Shemeji yetu bado haji nyumbani kwetu, nasi hatumlaumu. Arusi ya binti yetu haitarudi. Kila tarehe 1 Desemba tunamheshimu Mwenye heri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kumsamehe aliyempiga. Zamani, tulipomkumbuka, tulijiweka upande wake, upande wa wanaosamehe. Sasa tunamwomba atuombee sisi tulio upande wa pili, tunaongoja kusamehewa na tusioweza kudai.

Basi, jibu la swali lenu ni hili. Majuto ya rangi hutazama nje na kuuliza, nitaonekanaje? Majuto ya kweli humimina maji ndani, hulala chini chali, na kukubali kuona maji yanapotoka, hata kama ni chini ya kiraka chetu wenyewe. Halafu humtafuta mwenzake, kwa kuwa kazi iliyobaki ni ya watu wawili.

Kwa kujadiliana katika kikundi:

1. Je, yuko mtu tuliyemhukumu kwa kutazama "ubavu uliobonyea", bila kuchunguza?

2. Ni viraka gani tumeviweka kwa haraka katika familia zetu, au katika kikundi chetu, ambavyo sasa vinakula kilicho chini yake?

3. Kosa lililosemwa mbele ya watu, tutalirekebishaje mbele ya watu?

Bwana Yesu, aliyefundisha umati akiwa ameketi katika mashua ya Simoni mvuvi, aketi pia katika zenu. Amina.